Mimi ndiye ninayeachiwa funguo

Kwenye droo ya juu ya kabati langu kuna funguo za nyumba za watu. Kila kishada nimekifunga uzi wa rangi yake: mwekundu ni wa jirani wa mlango wa pili, wa kijani ni wa mama wa ghorofa ya juu, mweupe ni wa vijana wawili wanaoishi chini. Hakuna kishada chenye jina wala namba ya nyumba, kwa sababu funguo zikiangukia mikono isiyo yake, sitaki mwokotaji ajue zinafungua mlango upi. Mimi ni mshonaji, nafanyia kazi nyumbani, na cherehani yangu iko dirishani mahali ambapo anayeingia na anayetoka namwona. Basi majirani wakiwa na safari hunigongea jioni ya kuamkia siku ya kuondoka: "Dada, naomba nikuachie ufunguo." Nami hupokea kwa moyo mmoja, maana kuachiwa nyumba ya mtu ni amana.

Nimeingia nyumba nyingi wenyewe wakiwa mbali, na nina jambo moja la kuwaambia mnaojiandaa kwa likizo. Wengi wenu mnajiandaa kwa ajili ya mwizi peke yake. Mnatikisa kitasa, mnaongeza kufuli, mnafunga mapazia, kisha mnaondoka mkiwa na amani. Mwizi yupo na nitamfikia. Lakini karibu kila nilipolazimika kupanda ngazi mbio nikiwa na ufunguo wa mtu mkononi, kilichonikimbiza kilikuwa maji, au harufu, au friji iliyozimika. Na kilichonipotezea muda ni kutojua kitu kiko wapi humo ndani. Iandae nyumba kwa ajili ya mtu atakayelazimika kuingia wakati wewe hupatikani. Ukiwa na mtu huyo akilini, utajua mwenyewe nini cha kufunga, nini cha kuzima na nini cha kuacha mahali panapoonekana.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayoharibu haraka. Usiku mmoja niliona doa la unyevu likitambaa kwenye dari la chumba ninachoshonea, na kabla sijamaliza kuondoa vitambaa mezani matone yakaanza. Mama wa juu alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Nilipofungua mlango wake maji yalishafika sebuleni na zulia limelowa chapachapa. Chanzo kilikuwa ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye tangi la choo. Nati yake ya plastiki ilipata ufa, mpira ukachomoka, maji yakawa yanaruka mpaka ukuta wa pili. Koki ndogo iliyo pale pale chooni ilikuwa imeganda, haigeuki. Nikaanza kutafuta koki kuu. Chini ya sinki la jikoni, haipo. Bafuni, haipo. Nyuma ya mashine ya kufulia, haipo. Kumbe ilikuwa ndani ya kabati la kwenye korido, nyuma ya masanduku ya nguo, imepakwa rangi pamoja na ukuta hata huwezi kudhani ni koki. Kijana wa chini akaja na spana, tukaigeuza kwa shida. Muda wote huo maji yanatoka.

Mwenye nyumba angekuwepo angesikia ule mlio papo hapo, angeifunga koki, angepiga deki, na kesho yake angemwita fundi. Nyumba ikiwa tupu, hitilafu ndogo inapata muda wa kukua. Halafu kuna jambo ambalo fundi bomba alinieleza siku alipokuja kubadilisha mpira ule: presha ya maji kwenye mabomba ya mtaa hupanda usiku, watu wanapokuwa wamelala na hakuna anayefungulia, na mpira uliochoka huachia saa kama hizo. Nimeishika sana habari hiyo.

Kwa hiyo funga koki kuu kabla hujatoka. Funga hata kama safari ni fupi. Ili uweze kuifunga siku ya safari, ijue leo. Kuna koki zenye mkono mrefu unaozunguka robo tu: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikaa kwa kukingama, maji yamefungwa. Nyingine zina gurudumu dogo la kuzungusha, na hizo hugeuzwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa hadi zikaze. Koki isiyoguswa kwa miaka hukwama, kwa hiyo ifunge na kuifungua mara mojamoja ndani ya mwaka ili ibaki laini. Ikigoma, mwite fundi mapema, usiivunje kwa nguvu usiku wa kuamkia safari.

Ukishaifunga, fungua bomba la chini kabisa ndani ya nyumba hadi maji yakatike, kisha vuta maji chooni. Hapo presha iliyobaki ndani ya mabomba imetoka. Hita ya maji nayo izimwe, kwa sababu hita ikibaki na umeme huku maji hayaingii inaweza kuchemka ikiwa kavu na kuungua. Wenye tangi la akiba juu ya paa, hili ni lenu: kufunga maji ya mtaani hakuwasaidii kitu kama koki ya kutokea tangini iko wazi. Tangi zima linaweza kumalizikia sakafuni. Na anayeishi kwenye baridi kali ana sababu nyingine tena, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa hupasuka. Yeye anapaswa kuyaondoa maji yote kwenye mabomba au kuacha nyumba na joto la kutosha.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde watu hulivumilia. Siku moja ina sekunde 86,400. Hata ukihesabu matone madogo kabisa, 20 kwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita nne kwa siku, na ndoo uliyokinga chini yake haitakungoja urudi. Lirekebishe kabla ya kwenda.

Kisha kuna maji unayopaswa kuyaacha. Chini ya kila sinki kuna bomba lililopinda, na kwenye ule mpindo hukaa maji kidogo siku zote. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya bomba la majitaka na wadudu wasipande juu. Nyumba ikikaa wiki kadhaa bila mtu, maji ya kwenye mpindo hukauka, na mlango ukifunguliwa unakutana na harufu ambayo mwenyewe ataanza kuitafuta kwenye pipa la taka. Sehemu inayokauka haraka ni ile tundu ya sakafuni bafuni ambayo haitumiki kila siku. Mimina jagi la maji kwenye kila tundu, halafu ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yataelea na kuyazuia maji yasipande hewani upesi. Kazi hii ni ya dakika chache, na naipenda kuliko zote kwa sababu matokeo yake unayanusa mlangoni.

Maji mengine ya kuyaangalia ni yaliyotuama nje: kisahani cha chini ya chungu cha maua, ndoo iliyosahaulika uani, tairi, kopo. Mbu wa jamii ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengue, anaweza kutoka kwenye yai hadi kuwa mbu kamili ndani ya siku kama 7 hadi 10 kwenye joto. Likizo ya wiki mbili inamtosha kabisa. Na kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai yake hugandamana kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Sugua chombo kwa brashi, kisha kigeuze kifudifudi.

Sasa friji. Una njia mbili tu na usichanganye. Ya kwanza ni kuizima: toa kila kitu, ifute, ikaushe, na uache mlango wake wazi kwa kuweka taulo au kipande cha ubao katikati ili usijifunge. Friji iliyozimwa ikafungwa huota ukungu mweusi kwenye mipira ya mlango, na harufu yake haitoki kwa kuosha mara moja. Njia ya pili ni kuiacha ikiwaka, na hapo swali ni kama umeme ulikatika ukiwa haupo. Umeme ukikatika, friza iliyojaa hushika ubaridi kwa takriban saa 48 mlango usipofunguliwa, iliyojaa nusu saa 24, na upande wa friji wa kawaida takriban saa nne tu. Shida ni kwamba umeme ukirudi kila kitu huganda tena, na ukifika unaona barafu safi na unaamini chakula ni kizima. Kuna namna rahisi ya kuujua ukweli. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukirudishe kikombe ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, friza haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini, vyote vilivyomo viliyeyuka na kuganda upya, na dawa yake ni kuvitupa. Mimi kwenye nyumba ninazoachiwa huchungulia kikombe hicho kila ninapoingia, ndipo nampigia mwenyewe kumuuliza nitoe nini.

Vifaa vingine vya umeme vichomolewe kwenye soketi. Kuzima swichi ya televisheni kwa rimoti kunaiacha bado imeunganishwa na waya, na radi ikipiga karibu au umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, huingia kwa njia hiyohiyo. Chomoa chaja zote, hasa za betri za lithiamu za baiskeli za umeme, vyombo vya ufundi na kompyuta, na usiache betri yoyote ikichaji katika nyumba isiyo na mtu. Chomoa antena pia. Modemu ya intaneti iache tu kama una kamera au king'ora kinachoitegemea. Kengele ya moshi ijaribu kwa kubonyeza kitufe chake, nasi majirani tutaisikia.

Gesi ya mtungi funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko pekee. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka na kulala sakafuni, chini ya usawa wa pua zetu tunaosimama. Yenyewe haina harufu. Ile unayoinusa ni kemikali iliyoongezwa makusudi ili ikuonye. Naomba hili lifike kwa kila anayeachiwa ufunguo: ukifungua mlango ukapata harufu ya gesi, usiwashe taa, usizime taa, usipige simu ukiwa ndani. Cheche ya swichi inatosha. Kama koki ya mtungi iko karibu, ifunge, fungua milango na madirisha, toka, na upige simu ukiwa nje mbali na nyumba.

Nimesema mwizi nitamfikia. Watu hununua kufuli la gharama na kulifunga kwenye fremu dhaifu. Mlango ukipigwa teke, kinachoachia kwa kawaida ni kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, maana mara nyingi kimeshikwa na skrubu fupi zinazoishia kwenye ubao mwembamba wa juu. Mwite fundi seremala aweke skrubu za kama sentimita 7 zinazofika kwenye mbao nzito au ukuta. Angalia bawaba pia: kama ziko upande wa nje na pini zake zinachomoka, mlango unaweza kung'olewa ukiwa umefungwa vizuri. Mlango wa kioo wa kusukuma pembeni ulazie ubao mnene kwenye reli yake, kwa urefu wake wote. Ngazi iliyoegemea ukuta wa nyuma, koleo, panga, chuma cha kuchimbia, vyote viingie ndani. Usimwachie mtu vyombo vya kukuvunjia.

Na ufunguo usiufiche nje. Si chini ya zulia la mlangoni, si ndani ya chungu cha maua, si juu ya fremu. Kila mahali unapopafikiria wewe kwa sekunde mbili, na mwingine atapafikiria vivyo hivyo. Mpe mtu mkononi.

Kuhusu taa, nina msimamo. Taa ya barazani inayowaka mchana kutwa inatangaza kwamba hakuna mtu. Bora nyumba iwe giza kuliko hivyo. Ukiweza, tumia taima ndogo inayochomekwa kwenye soketi, taa ya sebuleni iwake jioni na kuzimika saa za kulala, ya chumbani iwake kidogo baada yake. Mapazia nayo yakae jinsi yanavyokaa siku zote mbele ya macho ya mtaa. Nyumba ambayo mapazia yake yalikuwa wazi kila mchana mwaka mzima, ikifungwa ghafla kwa wiki mbili, hata mimi niliyeinama kwenye cherehani naona. Ukiwa na jirani wa kufungua na kufunga pazia, umepata ulinzi ambao hakuna kifaa kinachoufikia. Huyohuyo ataokota vifurushi na vipeperushi mlangoni, atatoa pipa la taka siku ya kuzolewa na kulirudisha, na ataegesha gari mahali pako mara mojamoja.

Picha za safari zipandishe mtandaoni ukisharudi. Najua raha ya kupandisha papo hapo, lakini orodha ya wanaoziona ni ndefu kuliko marafiki uliowazoea, na watoto wa nyumbani nao wana kurasa zao. Tiketi ya kupandia ndege usiipige picha kabisa, kwa kuwa ule mstari wa alama za kuskani una jina lako na namba ya safari yako. Kwenye lebo ya begi andika simu na barua pepe, usiandike anwani ya nyumba unayoiacha tupu.

Yote hayo unaweza kuyafanya peke yako. Sasa nije kwenye lile ambalo watu wananinyima, nalo ndilo ninalolihitaji zaidi. Naletewa ufunguo mlangoni, teksi imeshafika chini, naambiwa "hakuna kazi kubwa, pita tu mara mojamoja", na mtu ameondoka. Hapana. Nipe nusu saa siku moja kabla. Nitembeze. Nionyeshe koki kuu kwa mkono wako, kisha niache niigeuze mwenyewe, nijue ni ngumu kiasi gani na kama mkono wangu unaimudu. Nionyeshe ubao wa swichi na ile inayokata umeme wa nyumba nzima. Nionyeshe mtungi wa gesi. Fungua mlango kwa ufunguo ulionipa, mimi nikiangalia, kwa sababu nimeshaachiwa funguo zilizochongwa vibaya ambazo hazikufungua chochote, na nimeshakuta mlango unaotaka uvutwe kwanza ndipo kitasa kigeuke. Kama kuna king'ora, nikizime na nikiwashe mbele yako.

Halafu niachie karatasi. Karatasi ya kweli, imebandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, maana simu inaweza kuisha chaji na ujumbe uliotumwa wiki mbili zilizopita hauonekani ukiwa umesimama kwenye maji. Iandikwe kwa herufi kubwa. Koki kuu iko wapi. Swichi kuu iko wapi. Fundi bomba unayemwamini na fundi umeme, na namba zao. Namba ya ndugu wa karibu anayeweza kuamua jambo wewe usipopatikana. Bima, kama ipo, na namba ya kuwaarifu. Nani mwingine ana ufunguo. Nani anatarajiwa kuja: kama umemruhusu mpwa wako alale humo Jumamosi, niambie, la sivyo nitamkuta gizani na tutaogopana wote wawili. Kama hutarajii mtu yeyote, andika hivyo pia, kwa sababu wapo watu huja wakisema "ametutuma tuchukue televisheni tukaitengeneze", na jirani asiye na maelekezo anabaki kubabaika.

Kuna ruhusa mbili nazidai waziwazi. Ya kwanza ni ya kuvunja. Chumba cha ndani mlichofunga kwa ufunguo wenu, maji yakianza kutoka chini ya mlango wake, nifanye nini? Kijana mmoja wa chini aliniandikia: "Vunja bila kuuliza, mlango nitanunua." Sentensi hiyo ilinipa usingizi. Ya pili ni ya fedha. Niambie ni kiasi gani ninachoweza kumlipa fundi bila kusubiri idhini yako, na kiache ndani ya bahasha au nitumie mapema. Fundi wa usiku hafanyi kazi kwa ahadi ya mtu aliye angani.

Kubalianeni pia mara ngapi jirani ataingia. Kwa maoni yangu mara mbili kwa wiki ndiyo kiasi kinachofaa: huwezi kuacha tatizo likae zaidi ya siku tatu au nne. Nikiingia nasimama kwanza mlangoni bila kuwasha kitu, nanusa. Kisha naangalia chini ya masinki, nyuma ya choo, dari za pembeni, friza, madirisha. Nagusa ukuta wa bafuni kwa kiganja, maana unyevu hushikika kabla haujaonekana. Sifungui makabati yasiyonihusu. Nikitoka nampigia mwenyewe picha moja ya sebule na kumtumia, bila maneno mengi.

Maua hayanipi shida. Yasogeze pamoja kwenye kivuli, mwagia vizuri siku ya kuondoka, na kwa lile linalokunywa sana, zamisha ncha moja ya uzi mnene wa pamba kwenye ndoo ya maji iliyoinuliwa kidogo na nyingine izike kwenye udongo wa chungu. Uzi utavuta maji taratibu. Paka na mbwa ni habari nyingine: mnyama hapaswi kuachwa peke yake akiwekewa bakuli kubwa la chakula. Tafuta mtu wa kukaa naye kila siku au umpeleke anakotunzwa.

Kabla hujafunga mlango, zunguka na simu ukipiga video ya kila chumba, makabati yakiwa wazi, na namba za utambulisho za vifaa zikionekana. Video hiyo ihifadhi mahali pasipo nyumba hiyo. Na wenye bima, someni kifungu kinachohusu nyumba kukaa bila mtu. Mikataba mingi hupunguza fidia au huikata kabisa nyumba ikiachwa tupu kupita siku kadhaa, mara nyingi 30 au 60, na mingine inataka maji yafungwe au nyumba ikaguliwe mara kwa mara. Hapo daftari la jirani lenye tarehe alizoingia lina thamani kubwa. Ndiyo maana mimi naandika tarehe kila ninapoingia.

Nguo mbichi zisibaki kwenye mashine. Taka zitoke zote, hata lile pipa dogo la bafuni.

Ukirudi, usiingize mabegi kwanza. Tazama mlango na madirisha ukiwa nje. Ukiona kimevunjwa kitu, usiingie wala usiguse. Rudi nyuma, piga simu polisi, na mtafute jirani yako. Kama kila kitu kiko sawa, ingia, nusa, fungua madirisha, ndipo uguse swichi. Fungulia koki kuu kidogokidogo huku bomba moja likiwa wazi ili hewa itoke bila kugonga mabomba, kisha zunguka ukitazama kila kiungio.

Na usikimbilie kuoga. Maji yaliyolala kwenye mabomba kwa wiki kadhaa, kwenye uvuguvugu wa kati ya nyuzijoto 20 na 45, huweza kuzalisha bakteria wa Legionella, waliopewa jina hilo baada ya mlipuko wa nimonia mwaka 1976 kwenye mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, huko Philadelphia. Huambukiza kwa kuvutwa na pumzi pamoja na mvuke wa matone madogo, na bomba la mvua la bafuni hutengeneza matone hayo hasa. Fungua kichwa cha bomba la mvua au kitumbukize ndani ya ndoo ili maji yasiruke, acha maji ya baridi na ya moto yapite dakika kadhaa madirisha yakiwa wazi, na wewe ukiwa nje ya bafu. Hita yenye tangi iache ifike nyuzijoto 60 na ikae hapo kwanza. Choo kivutwe maji kikiwa kimefunikwa. Baada ya hapo ndipo uchukue taulo.